Mama Mipangilio Anaondoka Chumba cha Seva

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Mipangilio anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi wanalo watu wa mishahara. Kitengo cha kompyuta hatulitumii, na siku hizi hata mumewe akipiga simu humuulizia kwa jina letu.

Alipoajiriwa, wodi, maabara na bohari ya dawa kila moja ilikuwa na mtandao wake. Fundi aliyebeba laptopu kutoka jengo moja hadi jingine alichapa upya anwani zote kila alipofika. Sisi tulinung'unika tu. Yeye aliandika amri fupi kwa kila jengo: ukifika maabara unachapa “maabara”, na kompyuta inajibadilishia mipangilio yenyewe. Alijiwekea na “nyumbani”. Mhasibu wetu aliazima laptopu hiyo, akachapa “nyumbani” akiwa ofisini kwa kutaka kujua, mtandao ukakatika, akashinda asubuhi nzima akiilaumu kebo.

Alikuwa na desturi moja tuliyomtania nayo. Kabla ya kubadilisha mipangilio ya kompyuta iliyo mbali, aliiamuru kwanza irudie ya zamani baada ya dakika chache asipoithibitisha mpya. Tulimwita mwoga. Tahadhari kabla ya hatari, alitujibu, akaendelea na yake.

Kisha ikaja siku laini ya mtandao ya maabara ilipoanza kusuasua, mama mjamzito yuko chumba cha upasuaji akivuja damu, na daktari haoni majibu ya vipimo. Mama Mipangilio alikaa kuihamishia seva ya maabara kwenye laini ya akiba. Kwa haraka akachagua mipangilio ya bohari. Seva ikapotea mtandaoni, na mwenye funguo za chumba cha seva yuko mjini. Sisi tulitokwa jasho. Yeye alikunja mikono akatazama saa. Muda aliouweka ulipotimia, seva ikarudia mipangilio ya zamani na kuonekana tena, akachagua laini sahihi, na majibu yakamfikia daktari. Yule mama mjamzito alipona, na mtoto pia.

Dada yetu, asante kwa kazi na kwa uvumilivu. Shemeji ametuomba tusikupigie simu mwezi mzima. Tumekubali shingo upande. Tunakuombea afya, vicheko na usingizi mzito. Kuna mama na mwanawe wanaotembea leo, wala hawakujui hata kwa sura. Sisi tunakujua, na tutawasimulia watakaokuja.