Chupa za Bi Rabiab Hazikuchanganywa

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya seli hapa Khon Kaen, Bi Rabiab Phonsawat anastaafu tarehe 30 Septemba. Alianza kama mwosha vyombo. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na bado hamruhusu mtu kugusa jokofu lake kabla ya kunawa.

Wengi mnamjua kwa saladi yake ya papai yenye pilipili ya kuliza watu. Wachache mnajua kisa cha mwaka wake wa tisa.

Wakati huo mkuu wetu, Dakta Thawin, alikuwa akichunguza kemikali inayojeruhi DNA. Seli za ini la panya zina kimeng'enya kinachotibu jeraha hilo, ila kila molekuli yake hufanya kazi mara moja tu, basi imekwisha. Dakta alitarajia kimeng'enya kipungue, na makala alikuwa ameshaiandika hivyo. Bi Rabiab alipopima saa chache baada ya kutia kemikali, kweli kilikuwa kimepungua. Lakini udadisi ukamshika. Akaacha chupa kadhaa za seli hizo zikae siku mbili, akapima tena. Kimeng'enya kilikuwa mara tatu ya kile cha seli zisizoguswa!

"Umechanganya chupa, Rabiab," Dakta akasema. "Tupa matokeo hayo."

"Sijachanganya, Mwalimu. Ziandike namba wewe mwenyewe, unifiche zipi zina kemikali. Nikikosea, nirudishe kuosha vyombo."

Dakta akaandika namba, akaifungia orodha kwenye droo. Vipimo vilipotoka, aliifungua mbele yetu, akalinganisha mstari kwa mstari. Akavua miwani.

"Seli zimejeruhiwa, zikakitengeneza kwa wingi zaidi," akasema polepole. Kisha akaunganisha viganja na kumwinamia, mkubwa akimtangulia mdogo, ilhali kwetu mdogo ndiye huanza kutoa heshima. Makala akaiandika upya, jina la Bi Rabiab likiwamo.

Bi Rabiab hakuishia hapo. Alitaka kujua kama seli za binadamu hufanya vivyo hivyo. Zile alizojaribu hazikuongeza kitu. Juzi nilimuuliza kwa nini.

"Sijui, mdogo wangu," akacheka. "Ningejua, ningeshastaafu zamani."

Dada Rabiab, asante kwa kila kipimo ulichokirudia wakati sisi tulikuwa tumesharidhika. Tunakuombea afya tele na mapumziko matamu. Swali lako tumebaki nalo.