Kifungo cha Mkono wa Kulia

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi miwili ya kazi, Mama Mektilda Nyanjige Mashimba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, kutoka Karakana ya Ushonaji Tumaini, Bariadi. Alitimiza miaka hamsini na mitano mwezi Februari. Meneja wetu, Ndugu Januarius, alimwomba abaki angalau mpaka Desemba. Alikataa mara tatu kwa adabu na mara ya nne bila adabu, ikabidi tukubali. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Athanasi mkata vitambaa, kwa sababu meza zetu zimetazamana tangu mwaka 1971, na kwa sababu, kama alivyosema Meneja, mimi ndiye ninayeongea sana.

Mama Nyanjige alizaliwa Nkololo, akasoma mpaka darasa la nne, akajifunza cherehani kwa masista wa misheni. Tarehe 1 Mei 1967 aliajiriwa hapa kushona vifungo. Wakati ule kazi ya vifungo walipewa wageni na wavivu, nao walipanda cheo haraka ili waikimbie. Yeye hakuikimbia. Alipewa kukata, akarudi kwenye vifungo. Alipewa usimamizi, akausimamia akiwa na kifungo mdomoni, hata maagizo yake tulikuwa tunayakisia. Kwake yeye shati zima lilikuwa njia tu ya kufikia kifungo.

Na katika vifungo vyote, alivipenda vya mikono. Alikuwa akituambia kwamba huku kwetu mtu hasalimii kwa mbali, anatoa mkono, na mkono unafika pamoja na kafu yake, ile ncha ya mkono wa shati penye kifungo. Kifua unaweza kukifunika kwa koti. Mkono wa shati ukiwa umelegea, uzi unaning'inia, mtu ameshakusoma kabla hujamaliza kumwamkia mwangaluka. Alinirudishia mashati mengi kwa sababu hiyo, na mengine nilistahili.

Mwaka 1979 mumewe, Mzee Mayige Mwandu, alikatwa mkono wa kushoto na mashine ya kuchambua pamba. Tuliokwenda kumwona tulifikiria jembe, tukafikiria ng'ombe na watoto. Hakuna aliyefikiria shati. Lakini mtu mwenye mkono mmoja anaweza, kwa subira, kufunga vifungo vyote vya kifuani, na mkono mtupu wa kushoto unakunjwa na kubanwa kwa pini. Kifungo cha mkono wa kulia ndicho asichokiweza, maana mkono wa kukifunga ndio haupo. Hivyo kila asubuhi Mama Nyanjige alisimama naye mlangoni, akamfungia, ndipo akaja kazini. Alikuwa akichelewa. Akiulizwa, alijibu kwamba kifungo kilikuwa kigumu. Sisi tulioshona vifungo hivyo tulijua havikuwa vigumu hata kidogo.

Mwaka 1983 alikwenda msibani Mwamapalala siku nne. Aliporudi alikuta mumewe hakutoka nje ya boma siku zote hizo, hata Jumapili kanisani hakwenda. Aliona haya kutembea na mkono wa shati ukipepea, na aliona haya zaidi kumwomba mke wa jirani amfungie. Mama Nyanjige alikuja kazini kesho yake, akaweka mkoba mezani na kutangaza kwamba atatengeneza kifungo ambacho mtu anaweza kujifungia mwenyewe.

Wazee wenzangu wanaukumbuka mwaka ule. Madukani hapakuwa na sabuni, sembuse vifungo. Basi aliwaomba wafugaji wa Nkololo pembe za ng'ombe, akazichemsha uani, akazikata kwa msumeno, akazitoboa kwa spoki ya baiskeli iliyotiwa moto na kuzing'arisha kwa majivu na samli. Sitaeleza harufu yake. Itoshe kusema kwamba mbwa wa mtaa mzima walihamia kwetu, na mkaguzi wa ushirika alimaliza ukaguzi wake kwa dakika sita.

Kifungo cha kwanza kilikuwa kijiti cha pembe na kitanzi cha uzi. Tulikijaribu wote kumi na wanne, kila mtu kwa mkono mmoja tu, na kila mtu aliweza. Mimi nilishika chaki na kuandika ubaoni IMEFAULU. Mzee Mayige akaitwa. Akakigeuza kile kifungo, akatutazama mmoja mmoja, akacheka kwa upole. "Ndugu zangu," akasema, "mmenifungia mkono ambao sina." Ni kweli. Sote kumi na wanne tulikuwa tumefunga mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mafundi wa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mkono uliobaki ndio huohuo wenye shati la kufungwa. Neno langu lilikaa ubaoni mpaka jioni, maana nilikuwa naona aibu hata kulifuta.

Mama Nyanjige hakucheka wala hakukasirika. Alikaa na jambo hilo majuma mawili. Kisha akaja na vifungo viwili vya pembe, vidogo, vimeunganishwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Unavipitisha kwenye matundu mawili ya mkono wa shati kabla ya kuvaa. Ukiingiza mkono, mpira unavutika, kiganja kinapita, kisha unarudi na kubana vizuri penye kifundo. Mzee Mayige alivaa mbele yetu bila kusaidiwa na mtu. Tulipiga makofi mpaka watu wa sokoni wakaja kuchungulia. Wasiopiga makofi walikuwa wawili tu, yeye na mkewe. "Wabeja, Nyanjige," akamshukuru. "Sasa utakuwa unawahi kazini."

Na kweli, tangu siku hiyo hakuchelewa tena. Daftari la mahudhurio lipo, mwenye shaka akalitazame.

Kisha ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, marobota ya mitumba yakamwagwa minadani, na ndani yake mashati ya ajabu: mikono mirefu ya kukunja mara mbili, ina matundu pande zote, haina kifungo hata kimoja. Watu walidhani Wazungu wamesahau. Wako walioyaziba matundu kwa uzi, na mwalimu mmoja wa Mkula alifundisha muhula mzima akiwa amefunga mikono yake kwa kamba za viatu. Wakatuletea sisi tuwatengenezee. Mama Nyanjige alilitazama shati la kwanza, akafungua droo yake na kutoa vile vifungo vya pembe vyenye mpira. Viliingia kana kwamba vimezaliwa pamoja nalo. Wakati karakana nyingine zinafungwa moja baada ya nyingine, sisi tuliishi miaka minne kwa vifungo vya mikono. Makatibu kata walivivaa, wanakwaya walivivaa, bwana harusi wa Bariadi asiyekuwa navyo alionekana ameoa kwa haraka. Baadaye walikuja wafanyabiashara na vya chuma vinavyong'aa, na leo tumebaki watu sita. Lakini bila kile kifungo tusingekuwa hata hao sita, wala leo tusingekuwa na mahali pa kumuagia mtu.

Mama Nyanjige mwenyewe hakukifurahia. Nasema hili kwa sababu aliniruhusu.

Mwaka 1988, malisho yalipobana, ndugu zake Mzee Mayige waliswaga ng'ombe kwenda Usangu, huko Mbeya, naye akafuatana nao. Pamba hakuweza tena kuilima. Ng'ombe ndio waliokuwa wamebaki kuwa uanaume wake. Aliaga kwa msimu mmoja. Mama Nyanjige alibaki na binti yao Justina, aliyekuwa shuleni, na kazi yake hapa. Msimu ukazaa msimu. Siku moja, tukiwa wawili mezani, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: "Athanasi, ningekuwa fundi mbaya, Mayige angekuwa bado yuko nyumbani." Mtu asiyeweza kufunga shati lake haendi mbali na anayemfungia, na yeye kwa mikono yake mwenyewe alikuwa ameikata kamba hiyo.

Mpira hukauka juani na kupasuka. Hivyo kila mwaka, mvua zikikaribia kuisha, alikata jozi mpya ya mipira, akaifunga kwa uzi mwekundu na kuituma kwa abiria au dereva yeyote aendaye kusini. Tulimtania kwamba wenzake hutuma barua na yeye hutuma tyubu. Alicheka nasi. Kisha alikaa dirishani, na kila basi la Shinyanga lilipopita sindano yake ilisimama. Nimelitazama dirisha lile naye miaka minane, na nakiri kwamba hata mimi nilijifunza kumsubiri mume wa mtu.

Mzee Mayige alikuja mara moja tu, mwaka 1991, kwenye harusi ya Justina. Alishuka kwenye basi na vifungo vyake vimekaa vizuri, pembe inang'aa, haina mkwaruzo. Nilimsifu Mama Nyanjige kwa kuchagua pembe ngumu. Asubuhi ya harusi Mzee Mayige alimnyooshea mkewe mkono mlangoni kwa mazoea, akakuta umeshafungwa, akaurudisha. Alikaa siku tisa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mwezi Januari mwaka huu, mfanyabiashara wa mpunga alileta kifurushi kutoka Usangu. Ndani mlikuwa na jozi saba za mipira, kila moja bado imefungwa uzi wake mwekundu kama ilivyotoka hapa. Hakuna iliyofunguliwa. Palikuwa na barua pia, ambayo Mama Nyanjige aliisoma amesimama, kisha akanipa niisome, kisha akaomba ruhusa ya nusu siku, ruhusa yake ya kwanza tangu msiba wa Mwamapalala. Nanukuu aliyoniruhusu: "Nyanjige, vifungo vyako nilivivaa siku ya kuondoka na siku za harusi ya mtoto, ili usione kazi yako imepotea. Siku nyingine zote mkono wangu uko wazi. Watu wa huku wamezoea, wanadhani ndivyo Wasukuma tunavyovaa. Mimi sikutaka kujifunga mwenyewe. Niliogopa kukuambia, maana ulifanya kazi kubwa, na watu walipiga makofi."

Kesho yake alipeleka barua ya kustaafu kwa Meneja.

Juma lililopita alishona shati lake la mwisho hapa karakanani, jeupe, la mikono mirefu. Kitambaa nilikata mimi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakunirudishia. Mkono wa kushoto ameufupisha na kuuziba vizuri. Kwenye mkono wa kulia hakuweka pembe wala mpira. Ameweka kifungo cha kawaida, cha matundu manne, na tundu lake amelifanya dogo kidogo kuliko inavyotakiwa. Nilimwonyesha kosa hilo. Alilitazama, akasema analiona, akaendelea kupiga pasi.

Jumatatu atapanda basi la Shinyanga kumfuata mumewe Usangu, safari hii yeye ndiye atakuwa ndani na mimi ndiye nitakuwa dirishani. Sitajifanya kwamba nimefurahi. Meza iliyo mbele yangu itakuwa tupu, na hakuna atakayekuwa akinirudishia mashati. Uongozi na wafanyakazi wote wanamshukuru kwa utumishi wake, kwa karakana hii iliyosimama juu ya vidole vyake, na hata kwa ile harufu ya pembe, ambayo mwenzenu nimeanza kuikumbuka.

Wabeja, Mayu, mama yetu. Nenda salama, msalimie Mzee Mayige. Tunakutakia asubuhi nyingi za kusimama mlangoni, na kifungo kigumu.