Marehemu Alois Mkude na Vinanda Vyake Tisa

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mtulie kidogo, tumsikilize marehemu kwa mara ya mwisho kupitia maisha yake.

Alois Mkude alizaliwa hapa Mkuyuni, mwaka 1876 kwa mujibu wa kitabu cha misheni, ingawa mama yake alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa mwaka mmoja kabla, wakati wa kuvuna mtama. Alisoma kwa mapadri Morogoro kuanzia mwaka 1888, akajifunza kusoma, kuhesabu na useremala, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1893. Mwaka 1901 alifunga ndoa na Furaha binti Andrea, wakajaliwa watoto watano, mmoja akatangulia akiwa mchanga, wanne wako mbele yenu.

Mwaka 1906 aliajiriwa katika karakana ya reli, na mwaka uliofuata, miezi miwili kabla treni ya kwanza haijafika Morogoro, msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipokuwa akiuguza mkono huo, msimamizi mmoja Mjerumani alimpa gitaa lililovunjika shingo, akalitengeneza kwa mninga, na hapo ndipo yalipoanza mapenzi ambayo wengi wenu mliyacheka. Mzee Chandulal wa dukani alimpa gambusi kwa kumtengenezea rafu, mpishi wa Kigoa akampa gitaa kwa mlango mmoja, naye mwenyewe akachonga jingine, hata vikatimia tisa, gitaa tatu, gambusi mbili na zeze nne, kila kimoja kimechorwa kwa kisu mgongoni tarehe na jina la aliyekitoa. Hakuwa mpigaji hodari, kwa vidole vitatu alimudu wimbo mmoja tu, na shemeji zake walimwita baba wa watoto tisa wasiokula, naye alijibu kwamba angalau hao hawalii mpaka waguswe.

Sisi Waluguru tunajua kwamba vitu vya mtu na jina lake huenda kwa wana wa dada yake. Mrithi wa Alois alikuwa mpwa wake Dominiko, ambaye Alois alimfundisha kufunga nyuzi tangu mwaka 1910, na ambaye alimpenda kuliko alivyojua kusema.

Vita vilipofika kwetu, ukoo ulikubaliana kwamba pango dogo lililo juu ya kijito liwe la kuwaficha vijana wasichukuliwe upagazi, nalo lilitosha watu wawili tu wakikaa wamejikunja. Jumatatu tarehe 10 Aprili mwaka huu wa 1916, Alois alisikia kwamba askari wanapasua viti vya watu kwa kuni, akavipeleka vinanda vyote tisa pangoni bila kumwambia mtu. Jumatano, wakusanya wapagazi walipoonekana njia ya Kinole, Dominiko alikimbilia huko, akakuta pamejaa. Mjomba wake alikuwa nyuma yake.

"Mjomba, toa viwili tu, nitakunja miguu."

"Ngoja nikate majani ya mgomba nivifunike, mvua hii itavipasua."

Migomba ilikuwa hatua arobaini, alirudi kuzihesabu baadaye mara nyingi. Aliporejea na majani mkononi, Dominiko alikuwa amekwisha kufungwa kamba. Alois akavitoa vyote tisa, akavitandaza kwenye majani mabichi, akaomba vichukuliwe badala ya mpwa wake, askari mmoja akagusa uzi kwa kidole, akamwambia, "Mzee, kinanda hakibebi mzigo."

Mwezi Mei aliondoka na zeze moja, akatembea Morogoro hadi Turiani, na kila alipokuta kambi ya wapagazi alisimama mbali kidogo akapiga ule wimbo wake mmoja, kwa matumaini kwamba Dominiko angeutambua. Alifukuzwa mara tatu. Hakuitikiwa. Wapagazi wagonjwa waliokuwa wakirudishwa walimkuta Mvomero akiwa na homa na kifua, akafikishwa nyumbani tarehe 28 Juni, akafariki jana, Jumapili tarehe 9 Julai, saa nane mchana. Hadi tunaposoma haya, hatujui Dominiko yuko wapi.

Familia inamshukuru bruda wa zahanati aliyekuja kwa miguu mara nne, wenzake wa karakana waliochonga jeneza bila kuambiwa, na majirani waliombeba kwa machela kutoka Morogoro kupanda mlima, tena katika siku ambazo kila mwanaume anaogopa kuonekana njiani.

Marehemu aliagiza kwamba jina lake lisirithiwe na mtu mwingine asiyekuwa Dominiko hata matanga yakiisha, na wazee wamekubali, ingawa si desturi. Nyuzi zote zimelegezwa, vinanda vimetundikwa sebuleni, yeyote atakayevitaka kwa kuni na avichukue. Leo asubuhi pango limefagiliwa, umewekwa mkeka na kibuyu cha maji.

Pumzika kwa amani, Mjomba Alois, pango liko tupu.