Wasifu wa Fundi Kipimo na Oili Iliyoliwa na Trekta

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kipimo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mkulima wa mahindi na mshona nguo. Mdogo wake wa pekee, ambaye sisi tunamwita baba mdogo, alizaliwa miaka tisa baadaye. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo kutembea, akimshika mikono miwili na kumtembeza kuizunguka cherehani. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ni jambo jema la mwisho nitakalosema kuhusu hao wawili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha miaka miwili ya chuo cha ufundi, akafuzu injini za dizeli akiwa wa kwanza darasani. Cheti chake kilitundikwa sebuleni, na mtoto aliyekigusa alijuta.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika karakana ya chama cha wakulima, akadumu hapo miaka ishirini na mitano. Jina la Kipimo alilipata huko. Hakuvumilia neno "kidogo". Mtu akimwambia injini inagonga kidogo, alimjibu, "Kidogo ni ngapi?" Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu, wakajaliwa watoto watatu. Hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko cha dawa, na siku mama alipotia kwa mkono alisukuma sahani. Watu wakisimuliwa hilo hucheka. Mama hakuwahi kucheka.

Chama kilipofungwa mwaka 1994, marehemu alilichukua trekta moja kuukuu la silinda tatu, akawa analimia watu mashamba. Yeye alikuwa fundi, baba mdogo dereva. Walifanya kazi hivyo miaka kumi na sita.

Mwaka 2010 trekta lilianza kupungukiwa oili, lita moja kila siku ya kulima. Marehemu alilala chini ya injini na tochi, akapangusa maungio yote kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka kikavu. Chini hapakuwa na tone. Tarehe 17 Agosti, shambani, mbele ya wateja, baba mdogo alimwambia, "Kaka, hebu tazama moshi. Wa buluu huo. Trekta linakula oili. Fungua injini."

"Tangu lini dereva akamfundisha fundi?"

"Sikufundishi, kaka. Mimi kutwa nzima niko na hilo bomba mbele ya pua."

"Trekta halina mdomo. Mwenye mdomo hapa ni wewe."

Watu waliangua kicheko. Marehemu alichomoa ufunguo palepale, trekta likiwa katikati ya shamba, akamfukuza mdogo wake akimwita mwizi wa oili. Tangu siku hiyo baba mdogo akaitwa Mla Oili. Aliitwa hivyo sokoni na kwa kinyozi, na binti zake wakaitwa hivyo shuleni. Hakuna aliyempa tena usukani. Alisukuma mkokoteni hadi mgongo ukagoma. Mliocheka siku ile mmekaa hapa, na baadhi yenu nawaona.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2021. Tarehe 11 Mei 2024 alilazwa, akaniagiza miwani yake iliyokuwa kwenye sanduku la spana. Chini ya miwani kulikuwa na daftari. Mwandiko ni wake, na fundi yeyote aliyepo anaweza kuja kulitazama. Nasoma:

"23 Agosti 2010. Saa nane za kulima. Oili imepungua lita moja. Dereva: mimi."

"24 Agosti. Saa saba. Imepungua lita moja kasoro. Dereva: mimi."

Zipo siku sita za namna hiyo. Kisha, tarehe 2 Septemba, alipima mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda: "Ya kwanza 26. Ya pili 19. Ya tatu 26. Nimetia kijiko cha oili silinda ya pili, geji imepanda 25. Ringi." Maana yake, kwa sisi tusio mafundi, ni kwamba ile oili iliziba kwa muda pengo ambalo ringi za pistoni zilishindwa kuziba, na kupitia pengo hilo injini ilikuwa inaivuta oili na kuiunguza. Tarehe 20 Septemba alifungua injini, akakuta ringi zimekwama kwa masizi. Akaziweka mpya. "Oili haipungui," aliandika, akapiga mstari.

Wiki iliyofuata aliwaambia watu karakanani kwake, "Mnaona? Tangu mwizi aondoke, oili haipungui."

Nilimuuliza wodini kwa nini hakumwambia mdogo wake.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba zilikuwa ringi, baba."

Alivuta pumzi kwa shida. "Wangesema dereva alijua kunizidi."

"Yuko hapo nje. Nimwite?"

"Acha. Hayo yameshapita."

Baba mdogo alikuja siku tatu mfululizo na chupa ya uji. Siku zote tatu marehemu aligeukia ukuta. Alifariki tarehe 29 Mei 2024, saa nne asubuhi. Alipima kila kitu maishani, akapata majibu sahihi, akayafungia sandukuni chini ya spana.

Kaka yangu mkubwa aliporudisha rasimu ya wasifu huu, alikuwa amekata daftari lote, na kwenye orodha ya wafiwa amekata mtu mmoja. "Aibu za nyumbani hazisomwi kaburini," aliniambia. Nilimjibu kwamba aibu hii ilianzia shambani, mbele ya watu, na itaishia mbele ya watu haohao. Mama alisema, "Peleka ikachapwe yote." Ndiyo mliyonayo mikononi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, dereva wa trekta, ambaye hakuiba oili.

Baba mdogo, wamekusimamisha kule nyuma, karibu na geti. Kiti chako ni hiki, kando ya mama. Njoo ukae. Yeye Mungu ampumzishe. Wewe pumzika ungali hai.