Mawe ya Paa la Hamdiya

Nje ya lango kubwa la Maskati palikuwa na baraza ya mawe, na baraza hiyo ilikuwa ya Wazanzibari kwa nguvu za makalio tu, maana hapana aliyewapa. Kila alasiri walikaa hapo, kahawa chungu mkononi, wakiirejesha Unguja kwa mdomo. Siku hiyo ya Januari, mwaka wa nne tangu wayakimbie mapinduzi, mbingu upande wa Uajemi ilikuwa nyeusi tititi. Wavuvi walikwisha zivuta mashua zao mpaka milangoni mwao, na majirani walishinda wakipakia mawe juu ya mapaa yao ya barasti. Barasti ni makuti ya mtende. Shamali, upepo mkali wa kutoka Uajemi, ikiyakuta mepesi, huyachukua yote. Ghanim alilijua hilo. Dada yake Hamdiya, mja mzito wa kukaribia kujifungua, mumewe yuko kibaruani Kuwait, alikuwa akilala chini ya paa kama hilo, na asubuhi alimwomba amtilie mawe. Ghanim akamjibu, "Nakuja." Hajenda. Mawe yalikuwa chini ya jabali, na njia ya kutoka huko hupita mbele ya baraza. Yeye alikuwa karani wa forodha kule kwao, hajapata kubeba kitu kichwani tangu azaliwe.

— Tufani haipo, — alisema Marhoon, waliyemwita Bwana Karafuu kwa mashamba aliyoyaacha Pemba. — Hii kaskazi, yakhe! Umeona wapi kaskazi ikaja na baridi? Kaskazi ni joto na maembe.

— Hapa si Pemba, — alisema Ghanim.

— Upepo ni mmoja, bwana. Huu huu ndio uliokuwa ukituletea tende.

— Tufani ipo, — aliamua Thabit. Huyu jina lake la utani Hakimu, ingawa mahakamani alikuwa akiita majina ya mashahidi tu. — Lakini mjini haiingii. Itagonga majabali haya, ione haya, irudi Uajemi.

Sleyum Baromita alijipapasa goti. Goti hilo ndilo lililompa jina.

— Goti langu linasema inakuja. Mimi naona tuwashe moto mkubwa pwani. Upepo ukikuta joto utadhani umefika Unguja, utatulia.

— Ahaa! Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, — Hakimu aliunga mkono.

— Jamaa, mawe! — Ghanim alishindwa kuvumilia. — Mapaa yanataka mawe. Na nyie wake zenu wamo chini ya barasti.

Wote wakaangalia vikombe.

— Mawe ayabebe nani? — aliuliza Bwana Karafuu. — Mimi, nilokuwa natiliwa maji ya kuoga, nipite na jiwe utosini mbele za watu? Mgeni siku mbili, bwana.

— Na ya tatu?

— Ya tatu haijafika.

— Mwaka wa nne huu, Marhoon!

— Miaka sikuitaja. Nimetaja siku.

— Basi tungoje kiza, — alisema Ghanim, na moyo ukamtua alipolipata hilo. — Usiku nani atatuona?

Baromita alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Usiku? Mzinga wa usiku ukishalia, sharia ya mji kila mtu na kandili yake. Jiwe kichwani, taa mkononi, unajimulikia uso mwenyewe! Si bora uende mchana?

Wakacheka wote, Ghanim naye akacheka, kisha akajiona duni kwa kile kicheko.

— Kawia ufike, — alisema Hakimu. — Hebu mimina kahawa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke kutoka upande wa jabali, kanga kajifunga kiunoni, tumbo mbele, jiwe kichwani, anatembea kwa kujivuta. Upepo ulikwisha anza kumpiga mchanga. Alikuwa Hamdiya. Wanawake hawasimami kwenye baraza ile, lakini yeye alisimama.

— Masalkheri.

— Masalkheri, mwanangu, — walijibu kwa sauti za chini.

— Hamdiya, dada'ngu, — Ghanim alianza, — nilikuwa nakuja...

— Najua, kaka.

Lau angelimtukana, ingelikuwa nafuu. Hakumtukana. Aliwageukia wenziwe Ghanim.

— Paa la Bwana Sleyum tumelimaliza. La Bwana Thabit tumelimaliza. Bwana Marhoon, mkeo Bakhita yuko juu ya lenu sasa hivi. Tangu asubuhi sisi wanawake tunazunguka kwa nyuma, makaburini, ili mawe yasipite hapa yakakutieni aibu. Sasa miguu imenishinda, ndiyo nimekata njia. Niwieni radhi.

Hakimu alikiweka kikombe chini.

— Nataka kuuliza tu, — alisema Hamdiya. — Hapa Maskati mnamwonea haya nani? Nani anayekujueni?

Bwana Karafuu alikuwa ameinamisha kichwa, kofia inataka kumdondoka.

Ghanim aliinuka. Uso ulikuwa ukimwaka kwa aibu, machozi yako karibu. Alilishusha jiwe kichwani mwa dada yake, akajitwika.

— Nenda kapumzike. Yaliyobaki ntabeba mimi.

— Hilo la mwisho, kaka, la paa langu.

Akamfuata hivyo hivyo, jiwe la mwisho kichwani. Alipita mbele ya askari wa lango, akapita kati ya wachuuzi waliokuwa wakifunga vibanda, akapita chini ya majirani waliokuwa juu ya mapaa. Uso alikwisha uweka tayari kwa kutazamwa. Mpaka akafika, hapana hata mmoja aliyegeuka.