Alama Nyekundu Kwenye Injini

Bwana asifiwe, wapendwa! Mimi ni Mama Wegesa wa hapa Kamunyonge. Leo nashuhudia habari ya injini ya gari. Najua mtacheka, chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Alituachia gari ya zamani, ile ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Miezi michache kabla Bwana hajamchukua aliifungua injini yote akaifunga mwenyewe, na kila nati akaitia alama ya rangi nyekundu. Baada ya msiba nilikuwaga nafungua boneti, naziangalia zile alama, nafunga, naenda zangu Mwigobero kuchukua dagaa wa kuuza Bunda.

Ndugu zangu, mwaka jana maji yakaanza kupungua kwenye rejeta. Nachungulia chini ya gari, hakuna hata tone. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi mweupe. Nikaenda kwa fundi Magesa, aliyefanya kazi na mume wangu miaka mingi. Akaniambia gasketi ya silinda hedi imeanza kuungua, ile inayozuia maji yasiingie kwenye moto wala kwenye oili. Akasema oili bado ni safi, kwa hiyo huu ndio wakati wa kufungua, maana injini ndefu namna hii ikichemka mara moja tu, hiyo hedi, yaani kichwa chake, inajipinda.

Nikakataa. Nikamwambia nitaomba. Na niliomba kweli! Nilifunga siku tatu. Nikamimina na mayai mabichi kwenye rejeta, kama nilivyoelekezwa sokoni kwamba yanaziba panapovuja, na kila safari nikabeba dumu la maji. Magesa alidhani nakwepa gharama. Hapana, wapendwa. Sikutaka mkono mwingine uguse pale alipogusa yeye. Niliona wakifungua nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Basi asubuhi moja nikapigiwa simu kutoka Butiama kwamba mama mkwe amebanwa kifua. Nikamfuata, nikampakia, tukaanza safari ya hospitali Musoma. Kabla ya kufika Makutano mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, mvuke ukajaa mbele, injini ikazima. Nikamkalisha kwenye nyasi. Pumzi inamjia kwa shida, na dumu langu limekwisha. Ndugu zangu, nililia. Nikamweleza yote, kwamba niliambiwa mapema nikakataa kwa sababu ya zile alama za mwanawe.

Mama akanishika mkono. Alipumzika kwanza, ndipo akasema, "Aliyeifunga nilimzaa mimi. Mpelekee Magesa aifungue, mwanangu. Utatuzika na sisi kwa ajili ya nati?"

Mungu akatuletea pikapu iliyokuwa inarudi Musoma. Mama akafikishwa hospitali, akawekewa hewa, akapata nafuu. Kesho yake gari ikavutwa kwa kamba mpaka gereji. Nikasimama pale pale Magesa akilegeza zile nyekundu moja moja. Nilingoja uchungu uniangushe. Haukuniangusha! Nililia kidogo, kisha nikamshikia tochi. Kichwa kilikuwa kimejipinda, bahati hakikupasuka. Kikachongwa kikanyooka, gasketi mpya ikawekwa. Akaniambia kwa upole kwamba ningekuja siku ile aliyonishauri, kisingejipinda.

Wenye magari ya zamani, nawasihi: maji yakipungua na chini hakuna tone, fungueni mapema. Msingoje maji yaingie kwenye oili mpaka ifanane na chai ya maziwa. Na wewe unayelinda kitu cha marehemu wako mpaka kinataka kuwaumiza walio hai, mkabidhi Yesu leo. Usiogope, hatakunyang'anya mtu wako. Mimi nilikuwa nimefungwa, amenifungua, namshukuru mbele yenu wote.

Mama mkwe wangu yupo, benchi la tatu pale. Tumekuja na gari hiyo hiyo. Mama, simama wakuone.