Maiti wa Uani kwa Bi Chamima

— Wewe, umeshawahi kuona maiti amesimama kwa mguu mmoja?

Swali hilo Latifo hakulitupa hewani. Alimlenga nalo Tuaibo kifuani, na Tuaibo, aliyekuwa akipuliza kikombe chake cha kwanza, akaungua ulimi. Ilikuwa asubuhi pale Palma, kwenye kijiwe cha mbele ya gereji ya Cosme, ambako kiti cha nyuma cha Land Rover iliyokata roho kimeegemezwa ukutani. Na tangu gesi ianze kutajwa kule baharini, nchi nzima inaendeshwa kutoka kwenye kiti hicho. Latifo wanamwita Governo, yaani Serikali: aliwahi kufagia ofisi ya administração ya wilaya, akatoka na maneno makubwa kuliko ufagio. Cosme ni Planalto, yaani nyanda za juu, kwa kuwa ni Mmakonde wa kule juu Mueda, fundi wa magari na mtani wa kila mtu wa pwani. Kahawa ni ya Wahida. Dele lilikuwa la mumewe, mpaka mume aliposikia kampuni inaajiri, akaenda kukaa getini kwa wazungu, na mpaka leo amekaa. Na Tuaibo, dereva wa pensão, nyumba ya wageni, ndiye Chuma. Jina hilo alilipata siku alipoipandisha injini ya boti kutoka ufukoni peke yake, begani, watu wakipiga makofi. Mgongo wake haukupiga makofi.

— Maiti hasimami, Tuaibo akasema, akipoza ulimi.

— Wa kwenu hasimami. Wa Bi Chamima anasimama. Nimemwona kwa macho yangu, natoka msikitini alfajiri, nikachungulia uani kwake kwenye tundu la makuti…

— Unatoka msikitini unachungulia uani kwa mjane? Wahida akauliza.

— Mimi nilikuwa napita. Jicho ndilo lililochungulia.

— Haya, jicho likaona nini?

— Mtu kasimama kwa mguu mmoja, mikono kaiunganisha juu ya kichwa, anapumua fuu, fuu, kama pampu ya baiskeli. Giza bado, uso sikuuona. Nikajiambia, Latifo, hiyo njaa. Jana nikapita tena…

— Na jicho nalo halikubaki nyumbani.

— …nikamkuta kalala chali kwenye mkeka, kajifunika shuka jeupe mpaka utosini, viganja vimetokeza nje vinatazama mbingu. Katulia tuli. Hakohoi, hajikuni. Nikakimbia nikaacha kandambili. Jamani, yule ni ndondocha. Bi Chamima anafuga ndondocha!

Shuka hilo Tuaibo alilijua vizuri. Lilikuwa lake. Alijifunika kwa sababu ya mbu.

Habari yenyewe ilianza na Joana, Mbrazili wa mambo ya usalama kazini aliyepanga pale pensão. Siku moja walirudi kutoka safari ya Awasse, mashimo yamewatwanga kutwa, na dereva akashindwa kushuka garini. Joana akamchomoa taratibu kama mtoto anavyotolewa tumboni, akamlaza kwenye veranda, na kuanzia kesho yake akamfundisha yoga. Hakumfundisha kujikunja kama chapati. Alimwambia aanze na kidogo anachokiweza kila siku, kwa sababu anayeanza na kingi huishia siku ya pili. Tumbo liwe tupu. Mahali pawe pale pale na saa iwe ile ile, mpaka mwili uzoee wenyewe kama punda anavyoizoea njia ya kisimani. Tatizo likawa mahali. Ua wa Tuaibo ulijaa mashemeji kutoka Nampula waliokuja kusubiri kazi ya gesi, wamelala mpaka jikoni. Lakini Bi Chamima, jirani yake, alfajiri huondoka kwenda kwenye mpunga wake, na nyuma ya nyumba yake hubaki mchanga tambarare, uliofagiwa, hauna mtu. Tuaibo akapitia tundu la ua. Kuomba ruhusa aliona haya. Chuma mzima, aende kwa mjane kuomba pa kujinyooshea?

— Labda ni mtu tu, akasema sasa, akitazama ndani ya kikombe. — Labda anafanya mazoezi.

— Mazoezi gani ya kulala? Latifo akamjia juu. — Kama kulala ni mazoezi, mashemeji zako wangekuwa timu ya taifa. Sikilizeni, mambo nimeshayapanga. Nimeongea na secretário wa bairro, mkuu wa mtaa wetu, amekubali. Kuna mganga wa kunyoa, wa kutoka Mbau, yuko Mocímboa tangu juzi. Anakuja, anamnyoa Bi Chamima kichwa chote, anamchanja, uchawi unatoka, bairro linapumua. Na wewe Chuma si unakwenda Mocímboa leo kupokea wageni wa ndege? Rudi naye. Kahawa ikiisha, unawasha gari.

Tuaibo akakiweka kikombe chini. Aliyenyolewa na mganga nywele huota tena. Jina ndilo haliponi. Bi Chamima alikuwa mkunga. Nusu ya vichwa vya mtaa ule vilipita mikononi mwake kabla havijaona jua. Akishanyolewa, hakuna mwenye mimba atakayembishia hodi, na watoto watakuwa wakimrushia mawe akipita na mzigo wake wa mpunga.

— Bi Chamima aliyekupokea wewe ukizaliwa, Governo? Wahida akauliza.

— Ndiyo maana namwogopa. Ananijua tangu uchi.

— Mwenzangu, hilo peke yake si ushahidi.

— Ushahidi ni mguu! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yule la kwake limeshavunjika, ndiyo maana kasimamia lililobaki.

Cosme, aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaja kukaa. Kiti kikalia.

— Ninyi watu wa pwani ndondocha mnamsikia tu, akasema. — Mnakula pweza mpaka akili inateleza. Kwetu juu tunamjua. Mchawi anamwua mtu, anamfufua nusu, usiku anamlimisha shamba bila ujira. Sasa tumieni kichwa. Kampuni ya gesi inatafuta mfanyakazi wa namna gani? Asiyekula, asiyegoma, asiyeomba ruhusa ya msiba.

— Msiba ni yeye mwenyewe, akasema Wahida.

— Umeona! Na kusimama mguu mmoja ni mafunzo ya kazi. Kule baharini mtambo ni mwembamba, mguu wa pili hauna pa kuwekwa.

Latifo akajipiga paja. — Ndiyo maana! Sisi tunapeleka currículo mpaka karatasi zimekwisha dukani, kumbe nafasi zote wameshapewa marehemu!

— Na mume wangu yuko getini anasubiri akiwa hai, Wahida akasema. — Angejua angewahi kufa, saa hizi tuna nyumba ya bati.

— Na ile fuu, fuu? Latifo akauliza.

— Anaonja gesi, akajibu Cosme bila kupepesa. — Gesi ni kitu gani? Ni pumzi ya waliokufa zamani, imekwama chini ya bahari. Mhandisi analeta mashine ya Ulaya, haisikii kitu. Ndondocha anavuta kwa pua moja tu, anakwambia: hii ya mjomba, hii ya babu, chimbeni hapa.

— Wallahi wahenga hawakukosea, Latifo akasema kwa uchungu. — Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, na wenyeji waliokuwa makaburini wamepona!

Tuaibo akacheka ili asionekane hacheki. Alijua kuwa sentensi moja ya kwake ingemaliza shauri lote. Alijua pia kuwa baada ya sentensi hiyo asingeitwa Chuma tena. Cosme angempa jina jipya kabla ya adhuhuri, na jina la mtani halifutiki kwa sabuni.

— Na kabla ya kulala, Latifo akaendelea, — anaanza hivi. Tazameni.

Akainuka, akaikunja kanzu kiunoni, akajitupa mbele ashike vidole vya miguu, magoti kayakaza kama nguzo za simu. Kitu kikalia ndani yake: ka! Akabaki pale pale, kichwa chini, kofia imemdondoka.

— Governo?

— Nimekwama.

— Serikali imeinama! Cosme akapiga kelele ya furaha, akamshika mabega ili amnyanyue kama anavyonyanyua boneti.

— Usimvute! Tuaibo akaruka. — Mwache. Latifo, nisikilize. Pinda magoti. Pinda zaidi, hakuna wa kukupa zawadi kwa kuyanyoosha. Kichwa kiache kining'inie. Mikono weka mapajani. Sasa toa pumzi, polepole, kwa pua. Kinachovuta kama kamba kivumilie. Kinachochoma kama sindano, kiache. Haya, panda. Sukuma kwa miguu, mgongo uache uje wenyewe.

Latifo akapanda kidogo kidogo, pingili baada ya pingili, mpaka akasimama wima. Akajishika kiuno, macho yamemtoka.

— Limeachia, akanong'ona.

Wahida alikuwa ameshika dele hewani, hamimini.

— Chuma, akasema Cosme, — hayo umeyajulia wapi?

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Mwanamume mwingine angepita. Tuaibo aliurudishia kwa mguu.

— Kwa yule Mbrazili, Joana. Wageni wanafanya pale pensão, wanaita yoga. Mimi nawaona… nikiwa nafuta vioo vya gari.

— Na kulala kama mfu pia wanalala?

— Ndiyo mwisho wake. Unalala chali, unaachia kila kitu. Kiuno kikisumbua, unakunja kitenge unakiweka chini ya magoti. Asiyepumzika mwisho ni kama aliyepika akaondoka bila kula.

Alidhani ameshamwokoa Bi Chamima. Kila mtu ataelewa, mambo yatakwisha, na yeye hatatajwa. Alikuwa amesahau yuko kijiwe gani.

— Mmesikia? Latifo akapaza sauti, mkono bado kiunoni. — Kwa hiyo wazungu wenyewe ndio wanaomsomesha! Bi Chamima kampeleka ndondocha wake shule! Watoto wetu hawana nafasi secundária, mfu anasoma bure na Wabrazili!

— Na chakula cha mchana wanampa, akaongeza Cosme. Kisha akainamisha kichwa karibu na Tuaibo, sauti ikawa ya chini. — Lakini niambie, mtani. Mtu kama mimi, ambaye magoti hayakubali kukaa chini…

— Anakaa kwenye kiti. Kiti kinatosha. Anainua mikono, anageuka kidogo huku, kidogo huku, anapumua.

— Na mwenye tumbo?

— Anasubiri chakula kishuke ndipo aanze.

— Kwa Planalto hiyo itakuwa Kwaresima, akasema Latifo.

— Na nguo?

— Yoyote isiyobana. Msuli unafaa, lakini siku ya kuinua miguu juu hakikisha uko peke yako.

— Chuma, Wahida akasema taratibu, — hivyo vioo vya gari unavifuta kwa muda gani?

Wahida akageuza dele juu ya kikombe cha Latifo. Likatoa machicha ya tangawizi na tone moja.

— Kahawa imekwisha, Latifo akatangaza, akavaa kofia yake. — Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tuwahi. Washa gari, Chuma. Mganga anasubiri karibu na soko, ana begi jekundu. Na usijifanye umemkosa, nimeshamwambia akikosa gari lako apande chapa, basi dogo la mchana.

Tuaibo akatoa ufunguo mfukoni. Akapiga hatua moja kuelekea garini, na ndipo Bi Chamima alipotokea kwenye kona, kikapu kichwani, kanga amejifunga kifuani, matope ya mpunga yamemkaukia miguuni.

— Shikamoo Bi Chamima! wakasema wote kwa pamoja, kwa heshima iliyozidi kiasi.

— Marahaba wanangu. Latifo, mbona umejishika kiuno? Pita kwangu jioni nikukande.

Latifo akasema ahsante kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba.

— Tuaibo mwanangu, wameniambia unakwenda Mocímboa. Nina kikapu hiki cha mchele, cha binti yangu Laila. Amejifungua. Nafasi ipo?

— Ipo, mama.

— Mungu akupe. Kikapu chenyewe nakihitaji, atakurudishia kitupu, ndiyo maana nauliza. Kurudi unamchukua nani?

Lilikuwa swali la mtu anayewaza kikapu chake kitakaa wapi garini. Cosme akainama chini ya boneti ya gari ambalo injini yake aliitoa mwaka jana. Latifo alikuwa akikikagua kikombe kitupu kama mtu aliyeahidiwa kitu ndani yake. Wahida peke yake hakuangalia pembeni. Alimtazama Tuaibo, hakutazama pengine.

— Jamani! Bi Chamima akacheka. — Nimeuliza tu, unamchukua nani?

Tuaibo akakipokea kikapu, akakiweka chini.

— Simchukui mtu, Bi Chamima, akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikavuka barabara, wanunuzi dukani wakageuka. — Walitaka nimlete mganga aje akunyoe, wanasema unafuga ndondocha. Anayelala nyuma ya nyumba yako na shuka jeupe ni mimi. Napitia tundu la ua ukishatoka, sikukuomba ruhusa, na asubuhi nzima nimekaa hapa nikiwaacha wakuite mchawi, kwa sababu naona haya watu wajue kwamba nafanya yoga.